Maji Yaliyoua Saratani

Jumatatu, 4 Machi
Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Profesa ametangaza kwamba Ijumaa atasikiliza matokeo yetu, na nafasi iliyobaki ni moja tu. Ni mimi au Miwani, ndivyo ninavyomwita yule dada wa chumba cha pili. Mke wangu ana mimba kubwa. Nina hofu, sifichi.

Tatizo ni roboti. Jengo zima tunayo moja ya kudondoshea dawa juu ya seli za saratani, na timu zote tunaigombania. Wiki hii zamu ni ya Miwani. Bila shaka! Nimemwambia msimamizi wa mashine kwamba seli zangu zina haraka. Kasema seli za kila mtu zina haraka. Mtu mgumu yule.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata wazo. Roboti haijui trei ni ya nani! Inachukua trei kutoka kwenye rundo, inadondosha dawa kwenye vishimo vyake vyenye seli, inairudisha. Vishimo vya kushoto inavitia sumu kali, ili tujue seli zilizokufa zikoje. Vya kulia maji matupu, ili tujue zilizo hai zikoje. Katikati ndizo dawa tunazozijaribu.

Basi, msimamizi kaenda kunywa chai, nami nikachomeka trei zangu, kila moja na dawa zake, ndani ya rundo la Miwani. Nikitoka nikapishana na Miwani mlangoni, kanisalimia vizuri kabisa. Anajua? Hajui? Salamu gani ile?

Jumatano, 6 Machi
Trei ziko kwenye kabati la joto, dawa inafanya kazi yake. Miwani kaniuliza kama nina shida yoyote. Nikamjibu sina, kwa nini niwe na shida, nani kasema nina shida? Kaenda zake.

Mke wangu anasema ningemwomba tu huyo dada anisaidie. Nimemwambia yeye hajui siasa za maabara.

Alhamisi, 7 Machi
Leo trei zinasomwa: mashine inapima seli zipi zimebaki hai. Nimemuwahi Miwani. Rundo lilikuwa tayari, lakini nikashtuka. Kila trei ina pembe moja iliyokatwa, ili mtu asiiweke kinyume. Pembe zote zilikuwa zinatazama ukutani. Si huwa zinatazama mlangoni? Nikasimama pale. Ukutani. Mlangoni. Ukutani. Nikaamua mlangoni, nikazigeuza zote. Hata zake, kwa wema wangu.

Mchana matokeo yametoka na sielewi kitu. Penye sumu, seli zinastawi. Penye maji, zimekufa zote! Kwangu hivyo, kwake hivyo. Nikajimiminia glasi ya maji, nikaitazama, nikaisogeza mbali. Halafu ikanijia: maji yanaua saratani! Hakuna aliyewahi kuyawazia kwa sababu ni rahisi mno. Sitamwambia mtu mpaka kesho.

Ijumaa, 8 Machi
Nimevaa tai. Nimeomba kuzungumza wa kwanza, nikasema maji. Profesa kaniomba nirudie. Nikarudia, safari hii kwa sauti kubwa. Akaniuliza mwili wa binadamu una nini ndani yake. Nikasema damu.

Miwani akasimama. Kaeleza kwa upole kwamba kuna mtu aligeuza trei, kwa hiyo yeye kaigeuza picha ya matokeo kwenye kompyuta, na kila kitu kimerudi mahali pake. Sumu imeua, maji hayajaua. Dawa yake moja imefanya vizuri sana. Akasoma na matokeo yangu. Dawa zangu hazikufanya lolote. Nafasi kapewa yeye. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Kanifuata ukumbini.

"Kaka, ungeniomba tu," akasema. "Niliona unahangaika, nikakuachia nafasi kwenye rundo."

Kisha akasema ameruhusiwa kuongeza mtu mmoja kwenye timu yake. Nikiitaka kazi, nimwambie kabla Jumatatu haijaisha.

Jumamosi, 9 Machi
Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Kwa nini anataka nimwambie? Mke wangu anasema ndivyo watu wanavyopata kazi, wanaomba. Kanishikisha simu, namba ya Miwani imeshatafutwa, imebaki kubonyeza. Nimeirudisha mezani taratibu. Mtu akiomba anaweza kunyimwa. Hilo mke wangu hakulifikiria.

Nina njia bora. Jumatatu asubuhi Miwani ana kikao. Nitahamishia kiti changu na koti langu chumbani kwake kabla hajarudi. Akinikuta nimekaa, atadhani alishanikubalia.