Mpiga Ngoma wa Upanga wa Radi

Redio ya Wembe, kinyozi wetu, ndiyo iliyotuchokoza asubuhi ile. Tulikuwa kwenye benchi nje ya chumba chake cha kunyolea, vikombe vya kahawa mkononi, mtangazaji akasema bendi mpya ya hapa mjini, Upanga wa Radi, imetoa albamu yake ya kwanza: nyimbo tisa za metali, magitaa ya umeme mbio mbio, habari za mfalme na joka. Akaachia wimbo mmoja. Kwa dakika nne hakuna aliyekumbuka kunywa.

"Hawa wanafukuzwa na nani?" akauliza Gundi, fundi viatu.

"Na joka," akasema Wembe. "Hukusikia? Linatema moto."

"Sasa pumzi ya kuimba wanaitoa wapi? Mimi nikifukuzwa na mbwa hata 'mama' siwezi kusema."

"Ndiyo metali hiyo. Gitaa linakimbia, mwimbaji anapanda juu, ngoma inawasukuma wote kwa nyuma. Juzi waliupiga nikiwa namnyoa karani mmoja. Ulipoisha hana nywele, hana sharubu, na alikuja kupunguza pembeni tu."

"Akasemaje?"

"Aseme nini, naye alikuwa anatikisa kichwa? Ndiyo maana na nyusi zikaondoka."

Mzee Futi, fundi cherehani, akaweka kikombe chini. Huyu tunamheshimu kwa umri na kumwogopa kwa ulimi.

"Kelele za mabati," akasema. "Hasa huyo wa ngoma. Huyo hakulelewa. Angekuwa wangu, ningemfungia ndani."

Tukaitikia sote. Kumbishia Mzee Futi ni kujitafutia suruali yenye mguu mmoja mfupi.

Mtangazaji akaweka mahojiano waliyorekodi na mpiga ngoma. Ikatoka sauti ya binti, tulivu kabisa.

"Watu wananiuliza miguu hii niliipata wapi. Kwenye cherehani ya baba. Nimekanyaga pedeli tangu nina miaka kumi, sare za shule rundo kwa rundo. Kazi ni ile ile, ila kwenye ngoma sindano haikatiki."

Hakuna aliyemtazama Mzee Futi. Gundi aliinamia soli ya kiatu cha mteja kana kwamba imeandikwa barua.

"Aliniambia anasoma kompyuta," mzee akasema polepole. "Miezi minane. Nimemsifia hadi kwa wakwe wa dada yake."

"Kompyuta nayo ina spidi," Wembe akajaribu.

"Nyamaza, Wembe."

"Na baba anajua?" mtangazaji akauliza redioni.

"Hajui. Namwogopa. Lakini albamu nimemtunukia yeye. Sijaona mtu mwenye kasi kama baba yangu."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati, akaivaa, akaivua tena. Wimbo ukarudiwa. Safari hii mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga chini ya benchi, haukosi hata pigo moja.

"Gitaa linachelewa," akasema mwishowe. "Ngoma iko sawa."

"Mzee, si umesema hakulelewa?"

"Nimesema gitaa."

Hapo binti mwenyewe akakata kona, anahema. Alikuwa anawahi kumwambia baba yake kabla redio haijamwambia. Mwenye miguu ya kasi kuliko wote mjini alikuwa amechelewa dakika kumi.

"Shikamoo, baba. Nina jambo nataka—"

"Marahaba. Nimelisikia. Kaa."

Akakaa. Hakujua pa kuweka mikono, akatoa simu, akamwonyesha picha ya bendi, wanne wamevaa suruali za ngozi nyeusi za kubana. Mzee akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Huyu ndiye anayeimba kule juu?"

"Ndiye."

"Mlete kesho nimpime. Suruali hii itamuua. Nitamwongezea inchi mbili."

"Baba, ukimwongezea mbili, sauti itashuka."

Mzee Futi akaitazama tena picha ile, kwa makini ya kazi.

"Basi moja," akasema.