Mkwe Wangu Diwani na Kamba Iliyoliwa

Jumatatu, 5 Aprili 1965
Daftari, hujambo? Sisi hapa hatujambo. Mzee wangu Jeremiah hajambo, ila goti. Filister, kitinda mimba wangu, hajambo. Mwanangu Walter yuko Kericho kuchuma majani chai, anakusalimu. Phelesia, mke wa Walter, hajambo, mimba ni ya mwezi wa tisa. Mbuzi naye hajambo, anakula kila kitu.
Kibaya ni mto. Mvua ya jana imebeba gogo letu la kuvukia. Dispensari iko ng'ambo. Phelesia atavukaje?
Haya ni mambo ya diwani. Na diwani ni nani? Dishon, mume wa binti yangu Awino! Lakini kwetu Wajaluo mama mkwe na mkwewe hawatazamani. Tukikutana njiani naingia kichaka hiki, yeye kile. Chakula chake sigusi. Watu wote wana diwani isipokuwa mimi!

Jumanne, 6 Aprili
Nimepata akili. Nilimwona Dishon akishuka mtoni na baiskeli, kamba begani. Nikajificha nyuma ya ua wetu wa minyaa, nikamwambia mbuzi kwa sauti ya kanisani: we mbuzi, gogo limekwenda, mke wa Walter atazalia matopeni, na diwani amelala! Hilo la kulala lilitoka lenyewe.
Dishon kusikia sauti ya mama mkwe, akageuza baiskeli. Alipanda kilima kama anafukuzwa na nyuki! Kamba ikaanguka. Mbuzi akaila.

Jumatano, 7 Aprili
Nyamoita, yule Mkisii muuza ndizi, amekuja kunichoma. Ati amekwenda kwa diwani, amekalia kiti, amekunywa chai, ameomba daraja likae karibu na banda lake. Akasema pole mama Walter, wewe umezaa mke wa diwani, lakini diwani ni wangu.
Uji wangu nikampa mbuzi.

Alhamisi, 8 Aprili
Aibu!
Kila Alhamisi Dishon husikiliza watu sokoni Rodi Kopany, kwenye veranda ya duka. Nilijifunika leso mpaka machoni, nikapanga foleni. Zamu yangu ikafika. Nikatazama chini, nikabana pua, nikasema mto, gogo, mja mzito. Akaandika yote vizuri! Akauliza jina. Nikasema Nyamoita.
Ningekwenda zangu. Lakini pale kila anayesikilizwa hupewa chai na mandazi. Na anayemimina chai ni nani? Awino! Nikasukuma kikombe, nikasema nimefunga. Awino akatazama miguu yangu. Akapiga kelele: Mama!
Dishon alitorokea mlango wa nyuma. Kofia ameacha, kalamu ameacha. Watu kumi na wanne hawakusikilizwa. Mzee mmoja akaniuliza kama nitawatengenezea mimi barabara yao.

Ijumaa, 9 Aprili
Awino amekuja, amenuna. Amesema Dishon aliomba mbao tangu Januari, gogo lilipoanza kuoza. Baraza la madiwani lilikubali. Mbao ziko tayari Homa Bay, zinangoja kipimo cha mto. Jumanne alikuwa anakwenda kupima.
Na kamba ndiyo ile ya kupimia.
Nikamwonyesha kipande kilichobaki. Kinatosha kufunga kuku. Awino hakucheka. Loo, kama mtoto akija kabla ya daraja, ni mimi!

Jumamosi, 10 Aprili
Sabato. Nimeomba jambo moja tu: mtoto angoje.

Jumapili, 11 Aprili
Dishon amepima mto. Jeremiah alinifungia ndani na mbuzi mpaka alipomaliza.

Alhamisi, 15 Aprili
Asubuhi uchungu umemshika Phelesia. Nikamshika mkono, tukashuka mbio. Daraja lipo! Halijaisha, lakini lipo. Na katikati, na nyundo, Dishon!
Nikasimama. Nirudi? Phelesia akaniuma bega. Mkwe wangu akanitazama, mimi nikamtazama, Mungu atusamehe. Kisha diwani mzima, na viatu vyake, akajitupa mtoni! Maji kifuani. Akageuza uso upande wa pili, akayaambia maji: enyi maji, mama apite polepole, ubao wa tatu hauna msumari.
Tukapita polepole. Tulipofika ng'ambo nikaliambia jiwe: jiwe, asante sana, mwanangu.
Saa saba amezaliwa msichana. Analia kama filimbi ya chifu. Phelesia mzima. Nimekaa chini nje ya dispensari, nimelia mpaka leso imelowa. Hata Nyamoita alileta ndizi, nikazila zote.

Jumatatu, 19 Aprili
Sisi hapa hatujambo. Jeremiah hajambo, Filister hajambo, Phelesia hajambo, mtoto hajambo kupita wote. Nimeapa mbele ya Jeremiah: sitamsumbua diwani tena kwa hila.
Lakini tunataka kisima. Maji ya mto ni mekundu, na mtoto ataoga nini? Nyamoita anakitaka bandani kwake!
Sasa daftari, wewe huna mkwe. Alhamisi nitakuacha kwenye kiti cha Dishon pale verandani, umefunguka ukurasa huu. Asome huu tu. Habari za mbuzi na kamba asifungue. Mwambie kisima kikae karibu na minyaa, kisha uniletee jibu upesi. Nitangoja nyuma ya duka, nimevaa leso nyingine.