Mwanangu Hachoki, na Ufunguo wa Karakana Unatuponyoka

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Chuo cha Biashara,

YAH: MASOMO YENU YA KUTWA KUTOMCHOSHA MWANANGU

Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa heshima yenyewe imebaki kidogo. Mimi ni fundi cherehani, tena ni mama wa mwanafunzi wako wa shahada ya uzamili, yule mrefu anayekaa nyuma na kucheka kabla mzaha haujaisha. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, maana mengine humu ni mazito.

Jambo lenyewe ni hili. Marehemu baba alituachia, mimi na kaka yangu, karakana ya kushona sare za shule. Kaka anataka kupumzika, na Jumapili ya mwisho ya mwezi huu atakabidhi ufunguo kwa kijana mmoja kati ya wawili: mwanangu, au binti yake yeye. Wote wanasomea biashara. Binti yuko kile chuo kingine, ng'ambo ya barabara kutoka kwenu, masomo ya mwaka mmoja. Wangu yuko kwako, miaka miwili. Mimi nilijua hesabu ni rahisi: miaka mara mbili, uchovu mara mbili. Kaka hababaishwi na vyeti. Amekaa na mafundi maisha yake yote, na anasema mtu aliyefanya kazi kweli utamjua akishashiba. Kwa hiyo kila Jumapili tunakula pamoja chumba cha nyuma ya karakana, na yeye anawatazama vijana. Anayesinzia kwanza ndiye aliyesoma.

Hapo ndipo chuo chako kinapotuaibisha.

1. Jumapili iliyopita binti wa kaka alisinzia kijiko kikiwa mdomoni. Paji la uso likashuka kwenye wali taratibu, kama anasujudu. Kaka akasimama, akapiga makofi. Wifi yangu akanitupia jicho la pembeni, kisha akamfuta mwanawe wali usoni kwa madaha, utadhani anafuta vumbi kwenye kombe la ubingwa. Na wangu je? Aliomba aongezewe nyama, halafu akauliza nani anataka kwenda kucheza mpira. Jamani!

2. Nimefanya upelelezi. Chuo cha ng'ambo mwalimu anamwita mwanafunzi kwa jina bila kumwonya, anamsimamisha mbele ya wenzake, anamhoji mpaka kipindi kinaisha. Kwenu, nasikia, anayetaka kujibu ananyoosha mkono. Na asiyetaka? Anakaa tu anapigwa na feni. Sketi ya binti yule nimeipunguza kiunoni mara mbili kwa mikono yangu hii, wifi akiwa amesimama pembeni anasimulia jinsi mtoto anavyoteseka. Suruali ya mwanangu nimeiongezea kitambaa. Mheshimiwa, mimi ni fundi, siwezi kudanganywa kuhusu kiuno.

3. Kuna kitu mnakiita wiki ya kutafakari. Watafakari nini? Mwanangu alitafakari kitandani, na majirani wote walimsikia akitafakari.

4. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu siwezi kusema masomo yenu ni mepesi. Ile sura ya mizania kwenye kitabu chenu kikubwa, mali upande huu na madeni upande ule, ni ngumu ya kutoa machozi. Maswali ya masoko nayo hayampi mtu nafasi ya kupumua, hujamaliza hili lingine limeshakuja. Ugumu upo, nauona kwa macho yangu. Sasa ninachouliza ni kimoja: unapotelea wapi kabla ya kumfikia mwanangu?

5. Nilikusudia yawe manne, lakini nimeshapandwa na hasira. Fedheha imenigeukia mimi. Jumapili hiyohiyo, hata matunda hayajaletwa, nilipitiwa na usingizi mezani, shingo upande, mdomo wazi. Wifi alicheka mpaka akashika mbavu, akasema shangazi mtu kazeeka, aletewe shuka. Na shuka lililetwa kweli. Hakuna aliyepiga makofi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo yatekelezwe kabla ya mwisho wa mwezi. Viti vyenye mito viondolewe darasani. Lifti ifungwe, wapande ngazi na vitabu vyao. Mwanangu aitwe kwa jina, bila kuonywa, hasa Jumamosi, ili Jumapili imkute yuko hoi. Hayo yakishindikana, mfelishe. Usimfelishe kabisa, mtoto ni wangu na nampenda. Mfelishe kiasi cha kukosa hamu ya kula. Na hata hilo likishindikana, toa cheti chenye muhuri kinachosema kijana huyu amechoka. Nimeumalizia ujana wangu juu ya cherehani za karakana ile. Siwezi kukaa nikaangalia ufunguo wa baba unaingia kwenye pochi ya wifi, eti kwa sababu mwanangu amelala vizuri. Roho itaniuma mpaka naingia kaburini.

Nisalimie walimu wote, wasaidizi wa maktaba, na yule mlinzi wa getini mwenye adabu, ambaye siku hizi hata haniulizi nimemfuata nani.

Ni mimi, mzazi mwenye uchungu,
Mama Sare

N.B. Kazi ya masoko inayotakiwa Ijumaa, naomba isogezwe hadi Jumatatu. Ndiyo kwanza nimefika swali la tatu, na sare za shule ya wasichana bado hazina vifungo. Kijana mwenyewe hana neno, amelala. Pia nifikishie shukrani kwa mwalimu wa mizania, aliyeandika kwa wino mwekundu chini ya kazi iliyopita: “Umejitahidi sana, lakini unaonekana umechoka. Pumzika.” Nimeyasoma maneno hayo mpaka karatasi imelegea, maana nyumbani hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Naomba ayaandike tena, kwa herufi kubwa, na muhuri juu yake, nimwekee kaka mezani Jumapili. Pale kwenye jina la mwanafunzi apaache wazi. Nitapajaza mwenyewe.