Nyasi Zangu, Nguruwe Wake na Geti Namba Sita

Jumatatu, 9 Juni

Joto la kukaanga yai juu ya boneti. Nimejaribu. Nusu ya yai imeiva, nusu wamekula sisimizi.

Habari kubwa: Bi Lavinia Pruett, mwenye ranchi hii yote mpaka kule milimani, anakuja Jumamosi na Profesa Tackett, msimamizi wetu wa chuoni. Amechoka kuona wanafunzi wawili wakimzungukia shambani na mapikapu yao. Mwaka ujao atabakisha mmoja. Wa pili afungashe, arudi mjini, akahesabu mbegu kwenye chumba cha chini cha chuo. Na shahada yake ya uzamili aisahau.

Wagombea ni mimi, Eusebio Galindo, mtu wa nyasi, na Karlene Voss, mtu wa nguruwe.

Mimi miaka miwili naotesha nyasi za asili ya hapa, kwa mbegu za hapa, bila kuzimwagilia hata tone. Nilipanda mashina mia mbili na arobaini. Yamebaki thelathini na moja. Lakini hayo yana roho ya paka! Yote nimeyapa majina. Lililo kubwa ni Tomasa.

Karlene ana kamera ishirini zilizofungwa mitini na kwenye nguzo. Zinapiga picha zenyewe kila kiumbe kinapopita mbele yake. Anachunguza havelina, vile vinguruwe vya jangwani vinavyotafuna mipungate pamoja na miiba yake kama vinakula biskuti. Vina vitoto. Vyekundu. Nani ataangalia nyasi akishaona vitoto vya nguruwe?

Nina mpango.

Jumanne, 10 Juni

Mpango ni huu: pasipo nguruwe, hakuna picha. Nimenunua gunia la mahindi. Nimeyamwaga kidogo kidogo kutoka korongoni kwa Karlene, kufuata uzio, hadi geti namba sita, maili mbili kutoka kamera yake ya mwisho. Mgongo umekatika. Moyo unaimba.

Karlene aliniona na gunia akauliza mahindi ya nini. Nikasema ya kuku. Akasema hatuna kuku. Nikasema bado.

Jumatano, 11 Juni

Ushindi! Kamera zote za korongoni zimenasa sungura mmoja na Karlene mwenyewe akitafuta nguruwe. Wakati wa chakula alikuwa mnyonge, hakumaliza hata totila yake, ile chapati ya huku. Nikammalizia. Alikuwa anaeleza kwamba itabidi ahamishe kitu fulani akipeleke mahali fulani. Sikusikiliza, nilikuwa natunga hotuba yangu ya Jumamosi.

Kasoro moja ndogo. Gunia lilikuwa limetoboka, na tundu hilo limechora njia nzuri ya mahindi kutoka geti namba sita hadi mlangoni kwangu. Havelina saba wamehamia chini ya nyumba yangu ya magurudumu. Harufu yao haina jina. Imeingia kwenye shuka, kwenye kahawa, kwenye meno.

Karlene alipita karibu yangu, akasimama, akanusa.

"Eusebio," akasema, "leo unanuka kama tasnifu yangu."

Alhamisi, 12 Juni

Leo ndiyo kazi ya bongo.

Bi Pruett ana sheria moja tu: geti unaliacha ulivyolikuta. Ulilikuta limefungwa, lifunge. Ulilikuta wazi, liache wazi, mwenyewe anajua kwa nini. Kabla yetu kulikuwa na mwanafunzi mchunguza ndege aliyesahau kufunga moja. Jina lake halitajwi hapa. Anaitwa "yule".

Sasa, tangu jana Karlene anapitapita geti namba sita. Sijui ana nini huko, si hoja. Yeye akishapita na kufunga, mimi nalifungua. Jumamosi Bi Pruett anakuja kwa njia hiyohiyo, analikuta wazi. Nani alipita? Karlene! Karlene anakuwa "yule" wa pili!

Saa nne na dakika arobaini asubuhi nimefungua mnyororo. Ulidondoka kwa sauti tamu. Nikatazama huku na huku: maili kumi hakuna mtu. Nikacheza kidogo. Sawa, nikacheza sana. Nikarusha kofia juu, ikatua katikati ya mipungate. Nimeitoa. Miiba arobaini mkono wa kulia, ndiyo maana mwandiko huu uko hivi.

Ijumaa, 13 Juni

Ng'ombe.

Naandika tena ili niamini. Ng'ombe kumi na wawili, wamelala katikati ya nyasi zangu, wanacheua.

Nilikuwa nimesahau jambo moja. Uzio wa geti namba sita una kazi moja tu duniani: kuzuia ng'ombe wasifike kwenye nyasi zangu. Barua ya kuomba ujengwe niliiandika mimi. Kurasa nne.

Mashina yote thelathini na moja yamekatwa, yamebaki kimo cha kidole gumba. Tomasa amebaki kama mswaki wa zamani. Nilikaa chini vumbini nikalia, na sioni haya kusema hivyo. Miaka miwili. Nimezikingia nyasi hizi upepo kwa mgongo wangu. Sikukuu ya kuzaliwa kwangu nilikula pai hapo, mimi na wao.

Karlene alikuja. Aliwafukuza ng'ombe kwa ile kofia yake nyekundu yenye unyoya wa bata mzinga. Kisha akakaa kando yangu, hakucheka, akanimiminia kahawa kutoka kwenye chupa yake. Akauliza nani angeweza kuacha geti wazi. Nikasema watu wengine hawana utu. Akasema kweli. Nilijisikia vibaya kwa kama dakika moja hivi.

Wakati wa kuondoka tukapita getini, akataka kulifunga. Nikamkumbusha: geti uliache ulivyolikuta. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaliacha.

Jumamosi, 14 Juni

Nitaandika yote.

Bi Pruett amefika saa tatu, miaka themanini na moja, anaendesha mwenyewe. Profesa Tackett kavaa vumbi tangu utosini hadi miguuni. Ndiyo desturi ya huku: anayekaa kando ya dereva ndiye anayeshuka kwenye kila geti, afungue, asubiri gari lipite, afunge, apande tena. Hata awe na shahada tatu. Kutoka barabara kuu ni mageti kumi na moja. Profesa alikuwa amefungua kumi, kwa sababu la sita walilikuta wazi.

Tukaenda kwanza kwenye nyasi zangu. Ng'ombe walikuwa wamesharudi. Bi Pruett akauliza, taratibu kabisa, nani ameacha lile geti. Nikatazama mawingu. Nikasema mimi si mtu wa kutaja majina, lakini kuna wanaopita pale kila asubuhi. Karlene akawa mwekundu kama kofia yake. Ah, nilikuwa juu! Nilikuwa naelea!

Halafu mama huyo akapiga magoti. Akashika kilichobaki cha Tomasa, akakifungua kwa ukucha. Ndani kijani. Akageuka kutazama njia waliyopita ng'ombe: maili tatu za zile nyasi za kigeni zilizoletwa zamani kuokoa ardhi, zimesimama, hata jani moja halijaguswa.

"Wamezipita zote hizo," akasema, "wakaja kula hizi. Marehemu baba alikuwa akinisimulia nyasi hizi. Sikuwahi kuziona."

Profesa akafuta miwani. Nilijua nimeshinda, nikaanza hata kumhurumia Karlene.

Tukahamia bandani kuona picha zake. Akaomba radhi: nguruwe walitoweka korongoni Jumanne, hajui kwa nini, basi Jumatano alihamisha kamera moja kwenye nguzo ya geti namba sita, ambako alikuta nyayo nyingi. Picha zenyewe hajazipitia, angeziacha zijionyeshe ukutani zilivyofuatana.

Kamera. Kwenye nguzo. Ya geti namba sita.

Nikauliza kama kuna mtu mwenye njaa. Hakuna aliyekuwa na njaa.

Picha ya kwanza, nguruwe. Ya pili, nguruwe kumi na wanne na vitoto, wanakula mahindi yangu. Profesa akasema hajawahi kuona picha nzuri hivyo. Ya tatu, Karlene anafunga geti, anavuta mnyororo mara mbili kuhakikisha. Ya nne, mimi. Ya tano, mimi na mnyororo. Ya sita hadi ya ishirini na tatu, mimi nacheza. Ya ishirini na nne, kofia hewani. Ya ishirini na tano, makalio yangu, mengine yote ndani ya mipungate.

Bi Pruett akanigeukia.

"Kijana," akasema Bi Pruett, "lile geti ulilikutaje?"

"Limefungwa, mama."

"Ukaliachaje?"

Picha ya ishirini na sita ilinijibia: geti wazi, ng'ombe wa kwanza anapita.

Nilijua nimekwisha. Niliona chumba cha mbegu, niliona macho yangu yakipofuka mbegu baada ya mbegu. Hapo Karlene akaomba kusema neno. Alisema nyasi hazikufungua geti, zisiadhibiwe. Alisema hivyo, baada ya yote! Niliinamisha kichwa.

Bi Pruett akawaza, akanywa maji, kisha akatoa hukumu.

"Nyasi zinabaki. Nguruwe wanabaki. Binti huyu atasimamia vyote. Wewe huendeshi tena gari kwenye ardhi yangu." Akanyoosha kidole kwenye pikapu ya Karlene, upande wa abiria. "Mwaka mzima utakaa pale."

Mageti kumi na moja kwenda. Kumi na moja kurudi. Kila siku.

Wakati wa kutoka Karlene aliniambia sikioni kwamba ile ngoma yangu ni nzuri, nimfundishe.

Jumapili, 22 Juni

Mvua Jumatano! Leo nimehesabu: mashina ishirini na tisa yamechipua. Tomasa wa kwanza, kijani kama parachichi! Nimembusu. Nina jani moja kwenye meno mpaka sasa. Tasnifu ipo hai, na mimi nipo hai.

Karlene ni mtu mwema, nakiri. Nimemwomba radhi kutoka moyoni na nimeapa sitafanya tena hila maishani.

Ila magoti. Wiki nzima ni kushuka, kufungua, kula vumbi lake, kufunga, kupanda. Jana kwenye geti la tisa alisogeza gari kila nilipogusa mlango, mara tano, akicheka peke yake.

Kwa hiyo nimesoma upya sheria ya Bi Pruett, kwa makini, kama msomi. Geti unaliacha ulivyolikuta. Basi nikiyakuta yote kumi na moja wazi, sheria yenyewe inanilazimisha niyaache wazi, na mimi nakaa zangu garini nanywa kahawa. Haina tundu popote!

Kesho asubuhi, kabla Karlene hajaamka, nitatangulia kwa miguu niyafungue yote. Kamera nimeikumbuka safari hii. Kwenye mageti iko moja tu, pale namba sita, na nitakapopita mbele yake nitakuwa nimevaa kofia ya Karlene.