Wingu Lililoshuka Sebuleni Kwangu

Ndugu zangu, leo nimeaibika. Naandika mwenyewe, mapema, kwa sababu Mama Sifa ana video, na Mama Sifa hajawahi kukaa na kitu rohoni zaidi ya saa moja.

Mnajua maombi ya Jumamosi hufanyika kwangu hapa mtaa wa Doornfontein, huku ugenini, mwaka wa saba sasa. Nyumba ni ya zamani, paa ni la bati, na msimu huu wa baridi ndani kunashinda nje kwa baridi. Jumamosi iliyopita Mama Sifa, mwenye magoti mabaya, alisimama wakati wa matangazo.

"Papa Neema, tunakupenda. Lakini hapa kwako tunatetemeka, na si kwa Roho. Wiki ijayo kukiwa hivi, tunahamia Hillbrow kwa dada Antoinette. Kule kuna hita."

Wote wakasema amina. (Mahubiri yangu hayajawahi kupata amina kama ile.)

Basi asubuhi ya leo mimi na mke wangu tukaenda kwa kijana mmoja anayeuza majiko makuukuu ya makaa. Alikuwa na matatu. Mke wangu akashika lile dogo. "Hili linatutosha."

"Mama, hilo litapasha paka joto."

Nikachagua kubwa kuliko yote. Chuma cheusi, miguu minne kama ya simba, oveni ya kuoka mikate ya kanisa zima. Tulilibeba watu watano mpaka kwenye gari la kukodi. Yule kijana akaniuliza kwa heshima: "Baba, umewahi kuwasha makaa ya mawe?"

"Mwanangu, mimi ni mtu wa Bukavu. Nimekulia kwenye makaa."

(Makaa ya miti. Hilo sikulisema. Niliona makaa ni makaa.)

"Sharp, sawa, Baba. Ila haya ni tofauti. Makaa chini, kuni juu, halafu unawasha kwa juu. Na huu mkono wa kwenye bomba ndio mlango wa moshi, uache wazi."

Nilimsikiliza kwa upole wote, kama mtu anayefundishwa kutembea. Moto kuwashwa kichwani! Tangu lini?

Kutoka hapo, yadi ya makaa. Nikafanya kama tunavyofanya nyumbani: nikachukua vipande viwili, nikavigonga, nikatega sikio. Makaa mazuri ya Bukavu hulia kama kigae. Haya hayakulia. Nikagonga tena. Wafanyakazi wakaacha sepetu zao.

"Mkhulu anayapigia simu," mmoja akasema. (Mkhulu ni babu, kwa lugha ya hapa.)

"Hayapokei," mwenzake akajibu.

Nikachukua magunia mawili, nikaondoka na heshima iliyobaki.

Saa nane mchana jiko lilikuwa sebuleni, bomba lake limeingia kwenye dohani ya zamani. Nikapanga moto wangu: karatasi chini, kuni juu yake, makaa juu kabisa, mengi, mpaka juu. Nikawasha chini. Nikapepea kwa mfuniko wa sufuria. Ukashika! Nikagusa bomba. La moto! Joto langu lote lilikuwa linapanda juu. Sasa mbinguni wanahitaji hita? Nikausukuma ule mkono, nikafunga.

"Papa Neema, yule kijana alisema uache wazi."

"Yule kijana anauza majiko. Mimi nimeota moto tangu utoto wangu."

Mke wangu akaenda kupanga viti. (Hupanga viti hivyo anapotaka Mungu anifundishe mwenyewe.)

Saa tisa wakafika, watu kumi na mmoja. Mama Sifa akanyoosha mikono kwenye jiko, akafumba macho. "Papa Neema, nisamehe. Hapa hatuondoki." Niliwaza Hillbrow na hita yao, nikatabasamu. (Kiburi, ndugu zangu. Nakiungama.)

Nikawaambia tusimame tuombe. Nikafumba macho, nikainua mikono. "Baba, leo shusha wingu la utukufu wako katika nyumba hii!"

Mtu akakohoa. Mwingine akaanza kulia. Kisha wa tatu. Moyo ukaniruka: leo ndiyo leo! Nikapaza sauti. Hata mimi machozi yakanitoka, mengi, bila kizuizi. "Asante kwa machozi haya, Bwana!" Nikasikia viti vinaanguka. "Waguse, Bwana! Waangushe!" Kisha kukawa kimya. "Asante kwa ukimya huu mtakatifu!"

Mkono ukanikamata ukosi wa shati. Alikuwa Gogo, bibi jirani yetu, kitambaa kibichi usoni.

"Hawu, Mkhulu! Unaomba na nani?"

Nikafumbua macho. Sikuona mtu. Kusema kweli, sikuona hata ukuta. Wote walishatoka. Mke wangu pia. (Miaka thelathini na minane ya ndoa!)

Gogo akaniburuta mpaka uani. Wapendwa wote walikuwa pale, wanafuta macho, na Mama Sifa ameelekeza simu dirishani. Wakaniangalia. Uso wangu mweusi tii kwa masizi, na mistari miwili ya machozi. Mama Sifa alicheka mpaka akakaa chini kwenye saruji, na magoti yake yote.

Gogo akafungua madirisha, akafungua ule mkono wa bomba, akautoa moto wangu wote kwa sepetu. Moshi ulipokwisha akapanga upya: makaa chini, kuni juu, kiberiti juu. Moto ukashuka wenyewe taratibu, kwa adabu, na moshi ukapita njia yake.

"Nani alikufundisha kuwasha chini?" akaniuliza.

Sikuitaja Bukavu. Kwa nini niaibishe mji mzima?

Tukarudi ndani, na nyumba ikapata joto kweli. Mama Sifa akavuta kiti karibu kabisa na jiko. "Hatuhami," akatangaza. "Ila kuanzia leo Papa Neema aombe tu. Moto ni wa Gogo."

Kwa hiyo maombi yamebaki kwangu, na namshukuru Mungu sana. Lakini Jumamosi ijayo nitaomba jicho moja likiwa wazi.