Trahana ya Mama

Ijumaa, 9 Agosti
Nimejitia kitanzi mwenyewe. Mpwa wangu Fotini, mwenye nyumba ya wageni, aliuliza kila mtu atapika nini kwa meza ya sikukuu ya Bikira Maria, tarehe 15. Wageni hutoka mbali kuonja vyakula vya makwetu tulikotolewa. Jirani yangu Prodromos, ambaye babu zake walitoka Kapadokia, ataleta tena ile nyama yake kavu. Mwaka jana walimpigia makofi mara mbili. Mara mbili! Nikasimama. Nikasema nitapika trahana ya mama, ule uji wa ngano na maziwa ya mgando, kama ulivyopikwa kisiwani kwetu Imvros. Wote wakainamisha vichwa kwa heshima.

Sijawahi kupika trahana. Niliondoka Imvros nina miaka kumi na mitatu, na jikoni nilikuwa nikifukuzwa. Si neno, nimesoma vitabu vinne.

Kisha Fotini akaongeza kwamba Bibi Despina anakuja kutoka Athene. Ana miaka tisini na miwili. Ukuta wake na wa mama ulikuwa mmoja. Mbali na mimi, ndiye wa mwisho duniani aliyekula kwenye chungu cha mama. Nimevifungua tena vitabu vyote vinne. Maana ukweli nauandika hapa tu: ladha ile siikumbuki. Nakumbuka chungu, mpini wa mwiko, mkono wa mama. Ladha, hapana.

Jumamosi, 10 Agosti
Nimechemsha maziwa ya mgando ya mbuzi na ngano iliyopondwa. Nimeyatandaza juu ya paa, kwenye shuka, yakauke. Hewa safi; Imvros ilionekana ng'ambo ya bahari. Sikuitazama sana.

Balaa! Tumo katika mfungo wa Bikira Maria. Maziwa ni mwiko hadi tarehe 15. Napika nisichoweza kuonja. Nilitia chumvi kwa kufuata kitabu. Halafu sikukumbuka kama nimetia. Nikatia tena, kwa usalama.

Jumapili, 11 Agosti
Upepo. Nilipotoka kanisani shuka lilikuwa uani kwa Prodromos, na nusu ya trahana imenasa kwenye mabomba yake ya maji. Aliniuliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: “Vipi mzee, bendera nyeupe? Umeshasalimu amri?”

Alinisaidia kuokota. Akachukua chembe moja, akainusa, akacheka. Afadhali angetukana.

Jumatatu, 12 Agosti
Sikulala. Lazima nionje, Mungu anisamehe. Nilijificha kwenye banda la kuku na jiko dogo la gesi. Kijiko mdomoni: bahari! Bahari yenyewe, na samaki wake! Kabla sijatema, mlango ukafunguka. Padri Lefteris, amefuata jogoo wa supu ya sikukuu. Nikameza yote, ya moto. Aliuliza kulikoni. Sikuweza kusema, nikaonyesha jino. Akasimama palepale, kati ya kuku, akaliombea jino langu. Dua ndefu. Jino lenyewe ni la bandia.

Trahana nimewamwagia kuku. Wamekunywa beseni zima la maji.

Jumatano, 14 Agosti
Ninao mpango. Meropi, mke wa Prodromos, ana gunia la trahana ya majira ya baridi. Nilingoja mumewe aende kunyolewa. Nikamwambia Meropi kuku wangu wanaumwa matumbo, wanahitaji kitu laini. Akanipa kilo nzima. Akasema kuku wangu wana bahati, na wawasalimie wageni. Amejua? Hajajua? Prodromos atatambua chakula cha nyumbani kwake kwa harufu tu. Na Bibi Despina je?

Alhamisi, 15 Agosti
Nilihutubia wageni kuhusu trahana dakika arobaini. Fotini alinivuta koti mara tatu. Wageni wakala, wakasifu, wakapiga picha. Prodromos akala sahani mbili, huku ananitazama. Jasho.

Kisha Bibi Despina akaletewa bakuli. Aliweka fimbo chini. Akaonja. Akaonja tena. Meza nzima imekodoa macho.

“Anesti mwanangu,” akasema, “hii siyo ya mama yako.”

Nilishika kiti.

“Hii tamu. Marehemu mama yako, Mungu amrehemu, hakujua chumvi inaishia wapi. Tukila kwake, kisima kilikauka! Baba yako alikuwa analia machozi, anasema ni moshi.”

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Prodromos akainua glasi, akatangaza kwamba basi mpishi ni Meropi wake, apigiwe makofi. Alipigiwa mara tatu.

Mimi sikusikia vizuri. Nilikuwa nawafikiria kuku.

Ijumaa, 16 Agosti
Asubuhi nimelikunjua shuka. Kwenye pindo ilibaki trahana ya kujaa kiganja kimoja. Leo ni Ijumaa, maziwa ni mwiko tena. Sikuweza kungoja kesho. Banda la kuku, jiko, sufuria ndogo. Kijiko cha kwanza, na mama akanifukuza jikoni. Ni yeye. Chumvi ile ile, mwiko ule ule, dirisha liko wazi upande wa baharini. Machozi yalinitoka kama kwa baba.

Mlango ukafunguka. Padri Lefteris, anarudisha kapu la jogoo. Nikameza. Nikaonyesha shavu la pili. Akahuzunika sana, akaanza dua upya, na safari hii akaongeza zaburi.

Akiwa bado anaomba, Fotini akachungulia kuuliza mwakani nitaandaa nini. Nilisema jibini ya kikapu, kama ya shangazi yangu. Sijawahi kutengeneza jibini. Lakini vitabu vipo viwili, na kimoja kina michoro.

Bibi Despina ametuma salamu: akiwa hai, atakuja kuonja. Shangazi alikuwa rafiki yake.

Nimekifungua kile chenye michoro.