Sanduku Langu la Ngoma Lilivyowatoa Watu Kanisani

Leo nimewakimbiza wanakwaya wote nje ya kanisa bila sababu. Halafu sababu ilipokuja, wakakaa ndani kwa ajili yangu. Naandika mapema kabla Chacha, mpiga ngoma mwenzangu, hajawasimulia. (Kwa haki, Chacha si mwongo. Tatizo ni kwamba anasimulia vizuri kuliko mimi.)

Mnakumbuka nilisema natengeneza sanduku la ngoma. Ni sanduku la mbao, unalikalia, unapiga ubao wa mbele kwa viganja. Ukipiga katikati linanguruma, ukipiga juu linalia kwa ukali. Ndani nimefunga waya wa breki ya bodaboda ili lichakarike kidogo. Jirani alinikuta nagonga misumari akauliza kama nimeanza kufuga nyuki.

Ubao wa mbele unatakiwa uwe mwembamba. Pale nyumbani plaiwudi nyembamba ilikuwa sehemu moja tu, mgongoni mwa kabati la vyombo la mama. Kabati hilo ndilo linalogawa sebule na kitanda changu. Nilimwomba mama. (Kwa haki zaidi, nilimwomba nikiwa nimeshabandua.)

"Magige," akasema, "kabati nalo lina mgongo, kama mtu."

"Mama, upande huo naona mimi tu."

Tangu siku hiyo nikilala natazama vikombe vyake kwa nyuma.

Kidude cha kunasa sauti nilipewa na fundi redio. Ni kisahani chembamba cha shaba alichokitoa kwenye saa ya mezani iliyokufa, kile kinachopiga kelele alfajiri. Ukikibandika kwenye ubao na kukiunganisha na amplifaya, kila mtikisiko unatokea kwenye spika. Sikujiuliza kitu kilichozaliwa kuamsha watu kitafanya nini kanisani.

Sasa jambo lenyewe. Kwaya yetu inakwenda kwenye tamasha kule Turwa, mjini, na kwenye gari kuna nafasi ya mpigaji mmoja. Chacha ana ngoma za dukani, ameazima kwa wajomba zake Migori. Anapiga vizuri kuliko mimi. Nimeandika, sifuti. Lakini mimi sijawahi kuchaguliwa kwa lolote. Shuleni kwenye mpira nilikuwa nashika nguo za wenzangu. Kwa hiyo Mwalimu Rhobi, anayefundisha kwaya, aliposema leo mchana tupige wote wawili aamue, sikula.

Kwa wasiokaa Nyamongo niwaeleze kitu. Mgodi mkubwa ukitaka kulipua mwamba unapiga king'ora kwanza. Kikilia, sisi wa jirani tunashusha vyombo, tunabeba watoto, tunasimama uani mpaka mshindo upite. Hakuna anayeuliza. Hata mbuzi wa mama hutoka.

Chacha akaanza. Safi kabisa. Wanakwaya, wengine bado na vumbi la kuponda mawe kwenye nyusi, walikuwa wanatikisa vichwa. Zamu yangu ikafika. Nikaliweka sanduku karibu kabisa na spika ili nisikie vizuri ninachopiga. Spika hizo ni kubwa, zilitolewa sadaka na mtu wa mashimo aliyepata dhahabu. Nikachomeka waya. Nikaongeza sauti.

Spika ikaguna. Mguno ukapanda. Ukapanda tena, ukakaa huko juu, uuuuuu.

Kabla sijaelewa, benchi zilikuwa tupu. Mama, aliyekuwa sauti ya kwanza, alipita na mtoto mgongoni ambaye si wa kwetu. Mzee Wambura, mzee wa kanisa, aliona mlango umejaa akapitia dirishani, fimbo ikatangulia. Nikabaki peke yangu. Kwa mshtuko mkono ukaangukia ubao, katikati. Duuum.

Nje nikasikia mtu anasema, "Leo wamelipua karibu sana."

Nikazima. Chacha ndiye aliyerudi wa kwanza. Akatazama spika, akatazama sanduku, akakaa chini kucheka. Wengine wakafuata. Mzee Wambura alirudi kwa mlango, taratibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nini kimelia?"

"Ni sanduku, mzee."

"Wewe mura, umeuleta mgodi kanisani?" (Mura, kwetu, ni kijana.)

Mwalimu Rhobi ni mtu wa haki. "Lisogeze mbali na spika," akasema. "Uanze upya." Nikachomoa waya niupitishe nyuma ya benchi. Na hapo ndipo king'ora kikalia. Cha kweli.

"Magige, zima!" wanakwaya wakapiga kelele.

"Sio mimi."

"Zima hicho kitu, mura!"

Nikainua mkono. "Waya huu hapa. Nimeushika."

"Anabonyeza kwa mguu," Chacha akasema. (Kwa haki, hata mimi niliutazama mguu wangu.)

Nikawaomba watoke. Nikasema jamani, hiki ni chenyewe. Mama alikuwa amenyanyuka nusu. Akakaa tena, akapanga kanga yake. "Siwezi kukimbizwa na mwanangu mara mbili."

Mshindo ukaja. Madirisha yakagonga, na vumbi lote la dari tangu kanisa lijengwe likashuka. Hakuna aliyeumia. Tulikaa pale weupe kama watu wa karasha la kusaga mawe, Mzee Wambura akiwa na rundo dogo juu ya kofia. Mwalimu Rhobi akafuta miwani.

"Chacha atakwenda Turwa," akasema.

Ningekuwa mimi ningeamua hivyo hivyo. Chacha alinisaidia kubeba sanduku mpaka nje. "Ule mpigo wako mmoja," akasema, "ulikuwa mzito kweli." Sijui kama alikuwa ananitania. Nimeamua kuamini.

Nikarudi nyumbani na mama. Tulipofungua mlango ndipo nikakumbuka kwamba king'ora kilipolia hakukuwa na mtu nyumbani wa kushusha vyombo. Havikuangukia sebuleni. Viliangukia nyuma, upande wangu. Vikombe vilivyofika kitandani vimepona. Sahani hazikufika kitandani.

Mama alisimama pale akatazama, kisha akasema neno moja tu. "Mgongo."

Kesho naurudisha ubao. Nawaomba msicheke. Wewe uliyekwisha kuanza, usinipigie simu: mama yuko upande wa pili anaosha vilivyobaki, na kati yetu kuna kabati ambamo bado unaweza kupitisha mkono.